Kitufe cha Kengele kwenye Gari la Baba

Baba alikuwa na desturi ya kuongea na gari lake. Hakuligombeza, kama madereva wengine wanavyofanya likigoma. Alilisemesha kama jirani. Asubuhi aliliambia mvua imenyesha kiasi gani, jioni aliliarifu nani amefiwa kule Njisi na nani amerudi kutoka ng'ambo ya mto Songwe. Lilikuwa gari la Kiingereza, jeusi, lenye dashibodi ya mbao iliyong'arishwa, na alilinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, siku ambazo baba bado ni karani wa bandari ya Itungi na meli bado zinaondoka kwa ratiba. Niliporudi kutoka chuo kikuu ratiba ilishakufa, ukarani ulishakufa, na gari lilikuwa linaelekea huko huko.

Nilirudi na shahada ya uhandisi wa umeme. Miaka michache kabla yangu, mwenye karatasi kama hiyo alipangiwa kazi na serikali hata kabla hajafungua sanduku. Sisi tuliambiwa soko sasa ni huria. Nilichukua muda kuelewa maana yake: kila mtu yuko huru kuuza alichonacho, na nilichokuwa nacho mimi hakuna aliyekitaka. Basi nikakaa Ngonga, kijijini kwetu Kyela, nikala wali wa mama, nikauliza maswali. Nilimuuliza mchungaji kwa nini maombi ya mvua hufanyika baada ya mawingu kuonekana. Nilimuuliza mwenyekiti wa kijiji kwa nini mkutano wa saa nne unaitishwa saa mbili ili uanze saa saba. Mama alisema kama ningelima kwa bidii ninayoulizia, tungeuza mchele mpaka Mbeya.

Swali nililolirudia kuliko yote lilimhusu shemeji yangu. Kaka alifanya kazi Mbeya, na mkewe alibaki nyumbani kwetu. Kwa mila yetu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Baba alikohoa kabla ya kufika jikoni ili shemeji apate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Shemeji akimwona baba anakuja njiani, aliingia kwenye migomba hata kama kuna matope mpaka magotini. Kwa miaka minne walikula kutoka chungu kimoja bila kusemezana neno. Chumvi ikizidi, baba alimwambia mama, mama akamwambia shemeji, aliyekuwa amekwishasikia kwa sababu ukuta wa jikoni ni wa mabua. Mama asipokuwepo, kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile ili niwe waya kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

"Baba, kama hii ni heshima, mbona inafanana na ugomvi?" nilimuuliza siku moja.

"Ugomvi una kelele," alisema, akaenda kulifuta gari vumbi.

Pampu ya petroli ya gari hilo, ile ya asili inayosukumwa na injini yenyewe, ilikufa mwaka niliorudi. Fundi wa mjini alifunga pampu ya umeme aliyoichomoa kwenye pikapu ya Kijapani iliyokufia ng'ambo. Aliifunga chini ya buti, karibu na tangi. Ukiwasha ufunguo, ilianza kugonga: tiki, tiki, tiki. Baba alifurahi sana. Alisema sasa gari linapumua.

Tatizo ni kwamba redio ya gari nayo ilifanya kazi ufunguo ukiwashwa tu, na redio ya nyumbani haikuwa na betri tangu mavuno. Kila jioni baba aliketi nyuma ya usukani, injini imezimwa, ufunguo umewashwa, akisikiliza taarifa ya habari huku pampu ikigonga nyuma yake. Siku moja mpira unaopeleka petroli kwenye kabureta ukachomoka. Pampu haijui kama injini inafanya kazi au imelala, kwa hiyo iliendelea kuleta. Petroli ikatiririka chini ya gari, ikakata uwanja, ikafika walipokuwa kuku. Redioni mtu alikuwa anaeleza faida za ubinafsishaji. Mama alikuwa anatoka kwa jirani na kaa la moto juu ya kigae, anakwenda kuwasha jiko lake, akasimama hatua kumi kutoka pale.

"Nani ameoga petroli?" aliuliza.

Baba alinyoosha mkono dirishani kumwashiria asubiri. Habari zilikuwa hazijaisha.

Usiku ule sikulala. Nilimtazama kuku mmoja aliyekuwa ananuka kama kituo cha mafuta na nikajiambia kwamba hatimaye nimepata kitu ambacho elimu yangu inaweza kukifanya Ngonga.

Wazo lenyewe ni rahisi. Injini inapozunguka, inasukuma oili, na oili inakuwa na presha. Ipo swichi ndogo inayofungwa kwenye injini, ambayo hupitisha umeme pale tu inapohisi presha hiyo. Ukiupitisha umeme wa pampu kwenye swichi hiyo, basi injini ikizimika kwa sababu yoyote, iwe umegonga mti au umelala mtaroni, presha inaondoka, umeme unakatika, pampu inanyamaza. Hakuna anayehitaji kukumbuka lolote. Nilimchorea fundi mchoro wake nyuma ya nakala ya barua yangu ya maombi ya kazi, na nakala hizo hazikuwa haba.

Fundi aliutazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo unataka pampu isifanye kazi."

"Nataka isifanye kazi injini ikizimika."

"Injini ikizimika si unazima ufunguo?"

"Na kama umepinduka ukazimia?"

"Ukishapinduka ukazimia, msomi, petroli si shida yako tena."

Hata hivyo alinipa swichi. Sasa nilikuwa na kazi ya pili. Injini ikiwa imelala haina presha, na bila presha hakuna petroli, na bila petroli haiwaki. Lazima kiwepo kitufe cha kuipa pampu umeme kwa muda wakati wa kuwasha. Mahali pake ni kwenye dashibodi, mbele ya dereva, hata mtoto wa darasa la tatu angekwambia. Baba akakataa. Alisema daktari wa misheni alimkabidhi dashibodi ile bila tundu, na bila tundu itabaki. Nilimuuliza kama daktari atarudi kuikagua. Alisema heshima haingoji ukaguzi.

Basi nikatafuta njia nyingine, na niliipenda kwa sababu ilikuwa ya werevu. Waya wa taa ya ndani, ile ya darini, ulishuka kwenye nguzo ya mlango wa nyuma. Pampu ilikuwa huko huko nyuma. Kwa waya mfupi tu ningeviunganisha, na kitufe kikakaa pembeni ya kiti cha nyuma, chini ya dirisha. Gari la Kyela haliendi popote bila mtu nyuma. Huyo ndiye angebonyeza. Kitufe nilikipata kwa mchuuzi wa Songwe: cheupe, cha mviringo, kina picha ya kengele ndogo. Kilitengenezwa kwa ajili ya milango ya watu wa mijini. Ngonga nzima hakukuwa na mlango wenye kengele. Sisi tunapiga hodi.

Fundi alikuja kuona.

"Taa ya darini haipiti kwenye ufunguo," alisema. "Ukizima ufunguo, taa bado inawaka."

"Najua."

"Kwa hiyo anayebonyeza ndiye ufunguo."

"Nani atabonyeza kengele gari likiwa limesimama?" nilimwambia. Alifuta mikono kwa kitambaa na kusema ndaga, asante ya kwetu, kwa sauti ya mtu anayeshukuru kwamba gari si lake.

Kifaa kilifanya kazi. Nilimwonyesha baba: injini imezimwa, ufunguo umewashwa, redio inaongea, pampu kimya. Hakufurahi hata kidogo. Alisema sasa gari limeacha kupumua. Na baada ya wiki moja nikagundua jambo ambalo mhadhiri wangu hakulitaja. Injini ilikuwa nzee. Ikipata joto na kwenda polepole, presha ya oili ilishuka chini kiasi kwamba swichi iliamini injini imekufa, ikakata petroli, na injini ikafa kweli. Kila penye matope, kila penye ng'ombe barabarani, baba alipiga kelele, "Bonyeza!" na aliyekaa nyuma akabonyeza. Wafiwa walibonyeza huku wakilia. Akina mama wa kwaya waliokuwa wanapelekwa harusini Itungi walibonyeza kwa zamu, kwa mapigo ya wimbo. Watu wakaanza kuliita gari la hodi. Mimi nilisema ni marekebisho madogo tu yamebaki. Nilisema hivyo kwa miezi mitano.

Katika miezi hiyo shemeji alikuwa anakaribia kujifungua. Mama alikuwa amepanga kila kitu: yeye angekaa nyuma na shemeji, angeshika kitufe, angekuwa pazia na mdomo kati yao. Kisha dada yake akafariki Karonga, na mama akavuka mpaka kwenda kuzika. Alisema atarudi baada ya siku tatu. Uchungu ulianza siku ya pili, asubuhi, baada ya wiki nzima ya mvua.

Nilimwambia baba. Alivaa kofia, akalikaribia gari, akaliambia, "Leo tusaidiane." Kisha akageukia ukuta wakati shemeji anapita. Nilifunga khanga kati ya viti vya mbele na vya nyuma, nikageuza kioo cha dereva kitazame dari. Sikuuliza swali lolote, na hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi. Betri haikuwa na nguvu ya kuzungusha injini, kwa hiyo ilibidi tusukume, mimi na majirani watatu. Nilijua pia kwamba likishawaka baba hatathubutu kusimama nipande, kwa kuwa likisimama linakufa. Baba angekuwa mbele na asingeweza kupiga kelele "Bonyeza!" kwa mkamwana wake. Nikaona dawa ya jambo hilo papo hapo. Nikainama dirishani.

"Shemeji, bonyeza hapa, na usiachie mpaka mfike hospitali. Hata usikie nini, hata uone nini, usiachie."

"Siachii," alisema, meno yamekazwa.

Nilikuwa nimetumia miezi mitano kutengeneza kifaa cha kukata petroli, na nikakiua kwa maneno yasiyozidi pumzi moja.

Tulisukuma. Gari likakohoa, likashika, likatuacha kwenye matope. Niliazima baiskeli kwa jirani na kulifuata, nusu nikiendesha na nusu nikiibeba begani.

Nililiona kutoka mbali, kwenye kidaraja kabla ya kufikia barabara kubwa. Ukingo ulikuwa umeliwa na maji na gari lilikuwa limeteleza, pua iko mtaroni, matako juu. Injini ilikuwa imezimika. Boneti lilikuwa limefunguka kwa mshtuko na chini yake kulikuwa na moshi mwembamba, wa aina ambayo hujui kama ni mvuke wa maji au mwanzo wa kitu kingine. Halafu nikasikia, hata nilipokuwa bado hatua mia moja: tiki, tiki, tiki, tiki. Haraka haraka, kama pampu inavyogonga ikiwa haina kinachoizuia mbele. Mpira ulikuwa umechomoka. Petroli ilikuwa inamwagika juu ya injini yenye moto.

Baba alikuwa amesimama nje, upande wa dereva, ameshika ufunguo mkononi. Aliutazama ufunguo, akalitazama gari. Alikuwa ameuzima, ameuchomoa, na gari lilikuwa bado linapumua.

Alielewa kabla sijafika. Niliona alivyoelewa, kwa sababu alianza kuligeukia dirisha la nyuma, akajizuia katikati, akageukia majaruba. Wanawake wawili walikuwa wanang'oa magugu kwenye mpunga.

"Mwambieni aachie," aliwapigia kelele.

"Nani?" mmoja aliinuka.

"Aliye ndani."

"Aachie nini, baba?"

"Kengele."

Wanawake wakatazamana. Gari mtaroni, moshi, mzee mwenye kofia anazungumzia kengele. "Kengele ya kanisa?" aliuliza yule wa pili.

Mimi nilitupa baiskeli nikakimbia, nikaanguka. Nilijaribu kupaza sauti na hakuna kilichotoka ila pumzi. Ndipo baba alipogeuka. Alivua kofia, sijui kwa nini, akaishika kifuani kama mtu anayeingia kanisani, akafungua mlango wa nyuma, akaondoa khanga iliyokuwa imemwangukia mkamwana wake, akamtazama usoni. Miaka minne. Jasho lilikuwa linamtiririka shemeji, na kidole gumba chake kilikuwa cheupe juu ya kile kitufe.

"Mwanangu, achia," baba alisema.

"Shemeji amesema nisiachie."

"Achia."

"Amesema hata nisikie nini, hata nione nini, nisiachie."

Ndiyo mazungumzo yao ya kwanza hayo, na yalikuwa ubishi, tena ubishi ulionihusu mimi.

"Shemeji yako ni mpumbavu," baba alisema polepole. "Achia, mwanangu. Tutaungua."

Akaachia. Kugonga kukakoma. Kwenye ukimya ule nilisikia petroli ikidondoka tone moja moja, kisha hata hiyo ikaacha. Baba alimwaga kofia nzima ya matope juu ya injini, mara ya pili, mara ya tatu. Moshi ulipungua. Kofia ile ilikuwa ya kanisani.

Nilipofika hakuna aliyehitaji uhandisi wangu. Wanawake wale walimtoa shemeji, wakamkalisha kwenye nyasi, wakamshika mgongo. Pikapu ya mchuuzi wa kakao ilipita baada ya muda, ikampakia. Baba alipanda nyuma pamoja naye juu ya magunia, akaniambia mimi nibaki nililinde gari. Sikuuliza ni heshima gani inayoruhusu jambo hilo. Nilikaa kwenye ukingo wa kidaraja, nikakitazama kitufe changu chenye picha ya kengele, na nikafikiri jinsi nilivyompuuza fundi aliponionya. Mtoto alizaliwa kabla ya saa nane mchana. Msichana.

Habari zilienda haraka kuliko pikapu. Wazee wa ukoo walikuja Jumapili kumuuliza baba kama ni kweli ameonana na mkamwana wake na kumsemesha. Kwa mila, jambo kama hilo lina taratibu zake, na taratibu hizo zina mnyama wa kuchinja. Walikuwa wamekuja na visu, kwa matumaini.

"Nilikuwa nazungumza na gari," baba alisema.

Wazee wakafikiri. Hakukuwa na mtu Ngonga asiyejua kwamba baba huongea na gari.

"Na gari lilikujibu?" mkubwa wao aliuliza.

"Lilibisha kwanza."

Walikunywa chai, wakaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni nikiwa na maswali yasiyopungua tisa, na kwa mara ya kwanza nilifunga mdomo wangu bila kuambiwa.

Wiki iliyofuata nilimkuta baba amepiga magoti ndani ya gari, ameshika kwa koleo msumari uliotiwa moto, anatoboa dashibodi ya daktari wa misheni. Mbao ilitoa moshi. Hakunitazama. Alisema kitufe kije mbele, na waya wake upite kwenye ufunguo, na mwenye kubonyeza awe yule mwenye macho barabarani. Ilikuwa sahihi kabisa. Ndilo lililokuwa wazo langu la kwanza, lile alilolikataa yeye mwenyewe. Nilianza kumkumbusha. Akaninyooshea mkono, kama alivyomnyooshea mama wakati ule wa habari.

Gari halitembei tena. Injini ilitolewa zamani, pampu iliuzwa, na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Lakini baba bado ana jambo la kumwambia mkamwana wake karibu kila siku, na hamtumi mtu tena. Anakohoa, anakwenda kusimama mbele ya boneti, na analiambia gari kwa sauti ya kufika jikoni. Nilipokwenda kuwasalimu mara ya mwisho, aliliambia kwamba uji wa asubuhi ulikuwa na chumvi nyingi.

Nyuma ya ukuta wa mabua mtu alijibu kwamba gari likitaka uji usio na chumvi, lipike lenyewe.